Nani Amsemee Nani? Kura Tatu za Tanganyika na Suala la Uwakilishi

Mwaka 1924 Serikali ya kikoloni ya Kenya ilimteua Dkt. John Arthur, tabibu na mchungaji wa misheni ya Waskoti pale Kikuyu, aingie katika Baraza la Kutunga Sheria ili ayasemee maslahi ya Waafrika. Hapakuwa na Mwafrika hata mmoja katika baraza hilo. Ilidhaniwa kwamba mmisionari, kwa kuwa aliishi na watu na kuwafahamu, angetosha kuwa kinywa chao. Mwafrika wa kwanza kuketi humo, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka 1944. Na hata hapo Padre Leonard Beecher wa Kanisa la Anglikana aliendelea kwa muda kukaa upande wake akiwasemea Waafrika.

Sisi tulio katika utumishi wa Kanisa yatupasa kulitazama jambo hili bila kujitetea. Arthur hakuwa mtu mbaya. Lakini mwaka 1929, alipokuwa mstari wa mbele katika vita ya misheni dhidi ya tohara ya wasichana, waumini wengi sana waliziacha misheni, na baadhi yao wakaanzisha shule zao wenyewe. Sisemi kwamba alikosea kuhusu tohara. Juu ya hilo naamini alikuwa upande wa haki. Nasema tu kwamba watu wale hawakuwa na njia ya kumwambia, "Katika hili husemi kwa niaba yetu," maana si wao waliomtuma. Aliyemtuma ni Gavana.

Huku Tanganyika Baraza lilianzishwa mwaka 1926, na Waafrika wawili wa kwanza waliingia mwaka 1945: Mangi Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Usukumani. Nao waliteuliwa. Kufikia mwaka 1955 Gavana Twining alikuwa amepanga viti vya wajumbe wasio wa Serikali kwa ulinganifu wa rangi: kumi vya Waafrika, kumi vya Waasia, kumi vya Wazungu. Nchi ilikuwa na Waafrika zaidi ya milioni 8, na Wazungu wapatao 20,000 tu. Huo uliitwa usawa!

Ulipokaribia uchaguzi wa kwanza, sheria ilidai kila mpiga kura ampigie kura Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Asiyefanya hivyo kura yake iliharibika. Sifa za mpiga kura nazo zilibanwa kwa elimu, kipato na cheo. Wanachama wengi wa TANU waliona ni matusi, wakataka kususa. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Mwalimu Nyerere aliwashawishi waingie katika uchaguzi huo, na Zuberi Mtemvu akajitenga, akaunda chama cha Waafrika pekee. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba uamuzi wa Tabora ulikuwa hila njema ya kuharakisha uhuru. Ni kweli, ila naona lipo jingine ndani yake ambalo halikutazamwa vya kutosha.

Sheria ya kura tatu ilitungwa ili kuzilinda jamii ndogo. Lakini kwa kuwa daftari la wapiga kura lilikuwa moja, mgombea Mzungu au Mwasia hakuweza kutegemea kura za jamii yake peke yake. Ilimbidi asimame mbele ya Waafrika na kujieleza. Kenya haikuwa hivyo. Huko kila jamii ilikuwa na daftari lake: Wazungu walimchagua Mzungu, Waasia wakamchagua Mwasia, na Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza, Machi 1957, waliwachagua Waafrika wanane. Mjumbe aliyetaka kurudi barazani hakuhitaji kumpendeza mtu yeyote nje ya kundi lake, na aliyelitisha kundi lake kwa habari za makundi mengine ndiye aliyefaidika. Viti vilikuwa vya rangi katika nchi zote mbili. Tofauti ilikuwa katika nani amtume mjumbe.

Katika awamu mbili za uchaguzi, Septemba 1958 na Februari 1959, wagombea walioungwa mkono na TANU waliwabwaga wale wa UTP, chama kilichopendwa na Gavana. Miongoni mwa walioingia ni Derek Bryceson, Amir Jamal, Sophia Mustafa na Bibi Marion Chesham. Aliingia pia mwalimu wa misheni ya Kilutheri kutoka Uswidi, Barbro Johansson, aliyekuwa akiwafundisha wasichana kule Buhaya. Naomba msomaji amweke huyu kando ya Dkt. Arthur. Wote wawili walikuwa wamisionari, na wote walikaa katika baraza la kutunga sheria katika nchi isiyo ya kuzaliwa kwao. Mmoja alitumwa na Gavana. Mwingine alitumwa na wapiga kura, ambao wangeweza kumwacha. Mwaka 1962 Mama Barbro alichukua uraia wa Tanganyika.

Uraia huo haukupatikana kwa urahisi. Oktoba 1961, Bunge lilipojadili muswada wa uraia, baadhi ya wabunge walitaka uwe wa Waafrika pekee. Nyerere aliwakemea kwa ukali na kutamka kwamba Serikali yake ingejiuzulu kama ingeshindwa katika jambo hilo.

Hata hivyo tusiisifu mno kura ya tatu. Katika wanawake niliowataja, Mwafrika hayumo. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza maelfu ya wanawake katika TANU, alisubiri hadi uchaguzi wa mwaka 1960. Sheria iliyohesabu rangi kwa makini hivyo haikuhesabu wanawake hata kidogo.

Leo tunawahesabu. Tangu mwaka 2005 Katiba ya Tanzania inataka viti maalumu vya wanawake visipungue asilimia 30 ya wabunge, na nchi imefaidika; nisingependa kuona vikipunguzwa. Ila viti hivyo hugawiwa kwa vyama kulingana na kura zao, na majina hutoka katika orodha za vyama. Mwanamke wa kijijini asiyeridhika na mbunge wake wa viti maalumu hana karatasi ya kura yenye jina la mbunge huyo.