Wacheni kumchekelea jamaa wa E.T.

Kila orodha ya gemu mbovu lazima iwe na E.T. ya Atari, ile ya 1982, na lawama zote zinamwendea aliyeitengeneza, Howard Scott Warshaw. Wasee, hebu angalieni kalenda kwanza. Atari ilipata haki za filamu ya Spielberg mwisho wa Julai. Mabosi wakataka kaseti ziwe madukani Krismasi. Warshaw akapewa wiki 5. Tano, bana! Yars' Revenge, gemu yake ya kwanza, ilimchukua miezi kadhaa, na watu waliipenda.

Halafu haohao mabosi wakaagiza mamilioni ya kaseti kabla hata ya kujua kama watu watanunua. Zikakwama. 1983 malori yakaenda kuzika mzigo kwenye jaa la Alamogordo, New Mexico. Miaka mingi stori ikawa ati ni kaburi la E.T. Zilipofukuliwa 2014, E.T. zilikuwepo, lakini nyingi zilikuwa gemu zingine, hata Centipede na Asteroids. Hizo nazo Warshaw aliharibu?

Yeye mwenyewe alikuja kuona wakichimba. Alikuwa ashaacha gemu kitambo, amekuwa mtaalamu wa kutibu watu kisaikolojia, California.