Vumbi la Geita na mafaili ya Johannesburg

Wadau, tukiongelea dhahabu ya Kanda ya Ziwa huwa tunaishia kwenye mrabaha, mikataba na zebaki. Leo tuongelee vumbi.

Jiwe lenye dhahabu mara nyingi lina silika kwa wingi. Ukilitoboa, ukililipua au ukilisaga kwenye karasha, linatoa vumbi laini mno, jicho halilioni. Likifika ndani kabisa ya mapafu linaleta makovu, mapafu yanakakamaa, pumzi inakata. Huo ugonjwa ni silikosisi. Makovu yake hayana tiba, na mwenye nao anapata kifua kikuu kirahisi kuliko wengine.

Haya yanajulikana siku nyingi. Afrika Kusini ilipitisha sheria ya fidia kwa wachimbaji wenye ugonjwa huu mwaka 1911. Mwaka 1930 Shirika la Kazi Duniani likawakutanisha wataalamu Johannesburg kuujadili. Kwa hiyo mgodi wa zamani wa Geita unaanza kuzalisha miaka ya 1930, tayari ilijulikana kwamba kutoboa mwamba kwa maji kunapunguza vumbi.

Kujua ni kitu kimoja, kulipwa ni kingine. Wachimbaji weusi wa Afrika Kusini walibaguliwa kwenye fidia kwa miongo mingi. Thembekile Mankayi aliishitaki AngloGold Ashanti, na Machi 2011 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba ana haki ya kudai. Alikuwa amefariki siku chache tu kabla ya hukumu. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg ikaidhinisha makubaliano ya takriban randi bilioni 5 kati ya wachimbaji na makampuni sita, AngloGold Ashanti ikiwemo. Ndiyo kampuni yenye mgodi mkubwa wa Geita uliofunguliwa mwaka 2000, ingawa kesi ile ilihusu migodi ya kule tu.

Wale walikuwa na kitu cha kushika: mikataba ya ajira, picha za eksirei, hata ripoti za mapafu ya marehemu.

Sasa turudi kwenye maduara yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipima hewa kwenye machimbo madogo ya dhahabu hapa Tanzania. Chini ya ardhi, silika ilikuwa wastani wa mara 337 ya kiwango kinachopendekezwa na taasisi ya usalama kazini ya Marekani. Juu, wanakoponda na kusaga mawe, ilikuwa karibu mara nne.

Mchimbaji mdogo hana mkataba. Leo yuko Geita, kesho dhahabu ikifumuka Kahama kahamia huko. Akikohoa na kukutwa na kifua kikuu, anakunywa dawa miezi sita. Vijidudu vinakufa, makovu yanabaki, naye anarudi duarani. Kama kadi yake haioneshi alifanya kazi gani na kwa miaka mingapi, basi silikosisi yake haipo popote zaidi ya kifuani mwake.

Sheria yetu ya fidia ya mwaka 2008 inamuangalia mwajiriwa. Huyu mwajiri wake ni nani? Mwenye duara? Mwenye leseni? Mwenye karasha?

Maji kwenye karasha na swali moja la "unafanya kazi gani?" zahanati havihitaji mwekezaji. Bila hivyo, miaka 30 ijayo watoto wa hawa jamaa wakienda mahakamani, wataenda na nini mkononi? Nawasilisha.