Kidole cha Eimu: Shujaa, Adui na Fidia katika Ngewa za Ukambani na Michezo ya Video ya Njozi

Miongoni mwa watunzi wa michezo ya video barani Afrika, na miongoni mwa wahakiki wanaowashangilia, limeenea dai kwamba ngano za jadi ni ghala lililokwisha kupangwa kwa ajili ya mchezo wa kuigiza uhusika, yaani mchezo ambamo mchezaji humwongoza mhusika mmoja au kikundi kidogo katika safari ndefu, akipambana na maadui, akijikusanyia alama za uzoefu na silaha, hadi amfikie adui mkuu na kumuua. Kwa mujibu wa dai hilo, kazi ya mtunzi ni kumwondoa joka na kumweka zimwi mahali pake, mengine yote yakabaki yalivyo. Makala haya yanalipinga dai hilo kwa kutumia ngewa, hadithi za kimapokeo za Wakamba, hasa zile za eimu, zimwi mla watu, kama zinavyojulikana Kitui, kuanzia Migwani na Mwingi upande wa kaskazini hadi Mulango, alikozaliwa John Mbiti mwaka 1931, na vilevile Makueni. Hoja inayotetewa ni kwamba uadui wa eimu ni wa namna nyingine kabisa na ule wa mfalme wa majoka, na kwamba tofauti yenyewe huonekana vizuri zaidi pale ambapo mchezo humalizika, yaani baada ya adui kuanguka.

Kuhusu ngewa zenyewe hakuna ubishi mkubwa. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyefanya utafiti Ukambani mnamo 1911 na 1912, alizichapisha nyingi katika juzuu tatu zilizotoka kati ya 1928 na 1935, naye Mbiti akatoa mkusanyo wake mwaka 1966. Na yeyote anayezisoma pamoja atakubali kwamba eimu hula watu, hubadili umbo, na mara nyingi hushindwa na mtoto au ndugu mdogo ambaye wenzake walimdharau. Ubishi huanza pale zinapofasiriwa. Joseph Campbell, katika kitabu chake cha mwaka 1949 kuhusu shujaa mwenye nyuso elfu, alidai kwamba visasili vya dunia nzima vina safari moja ya kuondoka, kujaribiwa na kurudi, na watunzi wa filamu na wa michezo wakaipokea fomula hiyo kama mapishi. Kwa ngewa, fomula hii haina faida. Shujaa wa Campbell huondoka nyumbani kwenda kumtafuta adui, ilhali katika ngewa nyingi adui ndiye anayebisha hodi. Vladimir Propp, aliyechambua ngano 100 za Kirusi mwaka 1928 na kuzigawa katika majukumu 31 ya kisimulizi, ana manufaa zaidi, kwa kuwa yeye hakuuliza mhusika ni mwema au mwovu bali anatenda nini; ingawa, kama itakavyoonekana, hata mpango wake hulemewa na kidole kimoja.

Ili ulinganisho uwe wa haki, mchezo nao uelezwe ulivyo. Mfano ulio wazi ni Dragon Quest, uliotolewa Japani na kampuni ya Enix mwaka 1986 na kutungwa na Yuji Horii, ambao pamoja na Final Fantasy wa mwaka uliofuata uliweka kanuni zilizofuatwa na mamia ya michezo ya baadaye. Shujaa ni mzao wa shujaa wa kale, kwa hiyo ushujaa ni urithi wake kabla hajatenda lolote. Adui, mfalme wa majoka, anakaa katika ngome inayoonekana ng'ambo ya maji tangu mchezo unapoanza, na kati yake na shujaa kuna viumbe wadogo kwa wakubwa ambao kila mmoja akiuawa hutoweka palepale, akiacha alama na sarafu za dhahabu. Mwishoni adui humwahidi shujaa nusu ya dunia. Akikubali, mchezo unaisha kwa aibu. Hata jaribu hilo la pekee la kimaadili linamkuta shujaa mlangoni mwa adui, mbali na kwao, wala hakuna jamaa anayeathirika na jibu lake.

Eimu hana ngome. Katika mkondo mmoja unaojirudia sana, wasichana wamekwenda kucheza ngoma, akatokea kijana mgeni mwenye sura ya kuvutia kuliko vijana wote wa kijiji, na mmoja wao akamfuata moja kwa moja kutoka uwanjani. Msikilizaji wa Kikamba hahitaji kuambiwa kilichokosekana. Ndoa ya Kikamba husimama juu ya ntheo, mbuzi watatu wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana, ambao bila wao, kama mahakama za Kenya zilivyokubali mara nyingi, ndoa ya kimila haihesabiki kuwa imefungwa. Mgeni wa ngewa hakupeleka mbuzi, hakutuma wazee, hakutaja ukoo wake. Kwa hiyo kosa lake la kwanza, kabla hajafungua kinywa kumla mtu, ni kuchukua binti wa watu bila kulipa. Majirani Wakikuyu wana hadithi ya mke wa mhunzi aliyejifungua mumewe akiwa mbali kiwandani: zimwi linakuja kumhudumia kama mkunga, linachanja kuni, linapika, linamnyooshea mzazi chakula, kisha linajifanya kuamini kwamba amekikataa na kukila lenyewe. Hapa uovu umejificha ndani ya huduma ya uzazi, na unapimwa kwa wajibu uliovunjwa wala si kwa meno.

Sasa kidole. Katika ngewa za eimu, na vilevile katika masimulizi ya majirani, hutokea kwamba zimwi linapokaribia kukata roho huwaambia waliolishinda wakikate kidole chake kidogo. Wakikikata, hutoka ng'ombe, mbuzi na watu wote liliowameza, wakiwa hai. Alfred Hollis alichapisha masimulizi ya Wamaasai yenye tukio hilo mwaka 1905, ambamo mifugo hutoka katika kidole kimoja na watu katika kingine. Wafasiri wengi wamelipita tukio hili haraka, wakilihesabu kuwa njia ya msimulizi ya kuifanya hadithi iishe vyema, na hapo ndipo walipokosea. Lingekuwa hivyo, tumbo lingetosha; kumpasua eimu kungekuwa rahisi zaidi na kungemridhisha zaidi mtoto anayesikiliza. Swali linalopaswa kuulizwa ni kwa nini maarifa ya kuwarudisha waliomezwa yatoke kinywani mwa yule yule aliyewameza, na kwa nini ayatoe wakati ambapo hana tena cha kupata.

Propp angesema kwamba mhusika mmoja anaweza kubeba nyanja mbili za utendaji, na kwamba eimu hapa ni adui ambaye mwishoni amekuwa mpaji, yule anayempa shujaa chombo au siri ya kufanikisha kazi. Maelezo hayo ni sahihi na hayaelezi chochote, kwa kuwa mpaji wa Propp hutoa kilicho chake, na eimu anarudisha kilicho cha watu. Kinachofanana zaidi na tendo lake ni shauri la wazee, ambapo mdaiwa, akishakubali deni, hutaja mwenyewe mali iliko. Kidole ni ungamo. Tena ni ungamo linalolipa kwa aina ile ile ya vitu vilivyochukuliwa, mifugo kwa mifugo na watu kwa watu, na kwa namna hiyo linasawazisha hata mbuzi ambao hawakupelekwa mwanzoni. Ushindi wa shujaa unapimwa kwa waliorudi, na ikiwa eimu angekufa kimya, kama wafavyo majoka wote wa mchezo, kijiji kingekuwa kimeshindwa pamoja na kwamba adui ameuawa.

Usomaji huu unaungwa mkono na sheria ya kimila, iliyoandikwa kwa urefu na maofisa kama Charles Dundas, aliyetumikia Kitui, na baadaye D. J. Penwill mwaka 1951. Mtu aliyeua hakuwa, kwa kawaida, adui wa kuangamizwa. Ukoo wake ulilipa mifugo kwa ukoo wa marehemu na maisha yakaendelea. Aliyebaki nje ya fidia ni yule aliyerudia kosa bila kukoma, hasa mchawi, ambaye angeweza kuuawa na umma katika utaratibu ulioitwa kingole, na hata hapo jamaa zake wa karibu walitakiwa waridhie kwanza. Mwaka 1932 mahakama ya kikoloni iliwahukumu kifo wanaume 60 wa Kikamba wa wilaya ya Machakos kwa kumuua mwanamke waliyemwona kuwa mchawi, hukumu ambayo baadaye ilipunguzwa. Wauaji walijiona walinzi wa kijiji, jaji akawaona wahalifu, na hakuna upande uliokuwa na lugha ya kumweleza mwenzake. Jambo linalohusika hapa ni dogo zaidi: mtu aliitwa adui wa wote baada ya watu wake kukubali kumwachilia, na ridhaa kama hiyo haiwezi kuwekwa katika ramani ya mchezo tangu mwanzo.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka pwani. Katika hadithi ya Sultani Majinuni, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 kutokana na masimulizi ya Unguja, mwana wa saba anaingia porini kumtafuta nunda mla watu, na kila mara anamuua mnyama mkubwa kuliko wa kwanza, kuanzia mbwa hadi ndovu, akimletea mama yake, naye mama akimwambia kwamba bado. Ngazi hiyo ya maadui wanaokua kwa daraja inashangaza kwa jinsi inavyofanana na Dragon Quest, miaka 116 kabla yake, na anayetaka kudai kwamba Waswahili ndio waliobuni mchezo huo hatakosa ushahidi. Lakini nunda ni nani? Ni paka wa sultani mwenyewe, aliyeanza kwa kula kuku, akaendelea kwa mifugo na watoto wa raia, na kila mashtaka yalipofika ikulu sultani aliyatupa kwa hoja kwamba paka ni wake na vilivyoliwa ni vyake, mpaka paka alipowala wanawe. Shujaa anasafiri mbali kuua kitu kilicholelewa sebuleni mwa baba yake. Kwa hiyo hata pale ambapo umbo la nje linakubaliana na mchezo, asili ya adui inabaki ya nyumbani, na deni ni la mfalme.

Inaweza pia kusemwa kwamba michezo yenyewe imekua tangu wakati huo. Ni kweli, Ultima IV wa Richard Garriott, uliotoka 1985, hauna adui mkuu hata mmoja na humtaka mchezaji atimize fadhila nane, na Aurion, uliotungwa Yaoundé na kutolewa 2016, umejitahidi kuuweka mgogoro ndani ya ukoo na utawala. Hata hivyo katika Aurion, kama katika mingine mingi, wanaouawa njiani bado hugeuka kuwa alama. Wapo pia wanaoona eimu kuwa sura ya njaa tu, na katika nchi iliyopitia njaa ya Ngomanisye mwishoni mwa karne ya 19 na njaa ya 1984 iliyoitwa Nikw'a Ngwete, ambapo watu walikuwa na pesa mkononi bila chakula cha kununua, wazo hilo lina mvuto. Ila njaa haichumbii, na haijui kuomba kidole chake kikatwe.

Mtunzi wa Nairobi au wa Migwani atakayetaka kumweka eimu katika mchezo atalazimika, basi, kuamua mambo ambayo Dragon Quest haukuyahitaji. Nani anamwona mgeni kwanza, na kwa nini haaminiwi? Je, kumpiga eimu haraka mno kunaweza kumfanya afe kabla hajasema? Waliotoka kidoleni wanarudi kwa nani, ikiwa mume amekwisha kuoa tena na mifugo imerudi mingi kuliko boma? Wasotho, katika hadithi yao ya zimwi lililomeza dunia nzima, wanasimulia kwamba waliookolewa walimwonea wivu kijana aliyewatoa tumboni na hatimaye wakamuua. Ngewa za Ukambani hazifiki huko kwa kawaida, lakini zinaacha nafasi ya kufika, na pengine sehemu bora ya mchezo kama huo, sehemu inayostahili saa nyingi kuliko mapigano yote, ingeanza asubuhi ya pili, wazee wakiwa wameketi chini ya mti na kila mwenye ng'ombe akija kutaja alama za masikio ya ng'ombe wake.