Mkuki Unaofika Mbinguni

Binadamu alianza kucheza vita zamani sana, wala si kila achezaye vita apendaye damu. Mchezaji hupima nguvu zake, hukisia nia ya mwenziwe, hutoa kidogo ili apate kikubwa. Na mchezo ukiisha, mshindi na mshindwa hucheka pamoja. Wameru wana mchezo wao wa jamii ya bao uitwao kiothi. Ndani yake hamna mkuki wala ngao. Mna mashimo, kete na hesabu. Lakini mzee aliyeinama juu ya mashimo yale ni jemadari. Basi usidhani, msomaji, kwamba mchezo wa mbinu za vita ni kitu kigeni kilicholetwa na kompyuta.

Kompyuta imebadili uwanja tu. Katika mchezo mmoja uitwao Age of Mythology, uliotolewa Marekani mwaka 2002, mchezaji hujenga mji, hulima, huchimba dhahabu na kuunda jeshi. Kisha huomba msaada wa miungu na madubwana ya hadithi za kale. Katika toleo lile la kwanza mataifa yalikuwa matatu: Wagiriki, Wamisri, na watu wa kaskazini ya Ulaya walioabudu Odin na Thor. Mwaka 2024 mchezo ulitengenezwa upya, na mwaka 2025 wakaongezwa Wachina na Wajapani. Kila nyongeza itangazwapo, vijana wa nchi nyingi hungoja kwa hamu na kubashiri. Safari hii wataingia nani? Watakuwa na silaha gani? Shujaa wao ataweza nini?

Nawe waweza kubashiri. Tuseme zamu ya nchi ya mashariki ya Mlima Kenya imefika, toka vilima vya Nyambene hadi Embu. Tungewapa nini watengenezaji wa mchezo?

Kwanza tungewapa Mbwaa. Wazee wa Meru husimulia kwamba baba zao waliishi zamani karibu na bahari, mahali paitwapo Mbwaa, chini ya mabwana walioitwa Nguu Ntune, yaani Nguo Nyekundu. Wako wataalamu wanaofikiri kwamba Mbwaa ilikuwa pwani ya kaskazini, upande wa Lamu. Mabwana wale waliwapa watumwa wao mitihani isiyowezekana, na asiyeweza alikuwa hatarini kuuawa. Simulizi hutofautiana, lakini mambo makuu ni haya. Walitakiwa kutoa tunda katika shimo refu bila kulichoma. Wakamimina maji shimoni, tunda likaelea. Walitakiwa kuleta kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Wakakipata katika ngozi ya ng'ombe inayoning'inia shingoni. Walitakiwa kuleta mbwa mwenye pembe. Wakambandika mbwa pembe za mnyama mwingine. Mwisho wakaamriwa kufua mkuki mrefu unaofika mbinguni. Hapo akili ilitambua mpaka wake. Hawakujaribu kuufua, walitoroka.

Walipofika majini, kiongozi wao aliyapiga maji kwa fimbo, yakagawanyika, watu wakapita. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu. Waliovuka mchana wakaitwa Njeru, weupe. Hivi ndivyo wazee wanavyoeleza asili ya makundi matatu ya koo za Meru.

Tazama jambo hili kwa makini. Katika kisa chote hakuna pigano hata moja. Ushindi wake si kuuteka mji wa adui, bali ni kuwatoa watu wako wakiwa hai. Na hekima yake kubwa kuliko zote ni kuujua mtihani unaofaa kujibiwa na mtihani unaofaa kukimbiwa. Mchezo wenye kanuni kama hiyo ungekuwa mgumu, tena mpya.

Pili tungewapa Mugwe, kiongozi wa ibada wa Wameru. Nguvu yake ilikuwa katika mkono wake wa kushoto, nao aliuficha ndani ya vazi lake. Mkono huo haukuua, ulibariki. Tatu tungewapa gichiaro, yaani mapatano ya udugu baina ya kundi na kundi. Waliofungwa nayo hawakumwagiana damu, na aliyeyavunja aliogopa laana kuliko mikuki. Nne tungewapa desturi ya Waembu ya kukabidhiana madaraka. Watu waligawanyika katika rika kuu mbili, Thathi na Nyangi. Moja ilitawala, kisha kwa sherehe iliyoitwa nduiko ikaachia nyingine. Katika michezo mingi mfalme mmoja hutawala tangu mwanzo hata mwisho. Huku kwetu mchezaji angelazimika kujifunza lililo gumu zaidi, nalo ni kuondoka kitini.

Hata hivyo tusipambe mambo. Vijana wa nchi hii walivamiana na kunyang'anyana mifugo, na walikuwako waliokufa kwa ajili ya ng'ombe. Tena mwaka 1906 jeshi la Waingereza liliishambulia Embu kwa bunduki, na uhuru wa Waembu ukakoma. Mkuki na ngao havikutosha. Mchezo utakaoficha hayo utakuwa mtamu, lakini utakuwa mwongo.

Sasa nakuuliza: kwa nini Wagiriki waliingia kwanza katika mchezo ule, na Mbwaa haikutajwa? Si kwa sababu Zeus ana nguvu kuliko Mugwe. Ni kwa sababu habari za Zeus ziliandikwa zamani, zikasomwa, zikafunzwa shuleni katika nchi nyingi. Mtengenezaji wa mchezo huchota katika kisima kilicho karibu naye. Habari zetu zilikaa vinywani mwa wazee, na mzee akifa huenda na kisima chake. Bernardi, padre wa Italia, aliandika kitabu juu ya Mugwe mwaka 1959. H. S. K. Mwaniki alikusanya maneno ya wazee wa Embu na Mbeere, akayatia vitabuni katika miaka ya 1970. Kama si kazi za namna hiyo, mengi ya haya tusingeyajua leo.

Kwa hiyo, mwanafunzi, usingoje toleo jipya kama mgeni angojavyo karamu asiyoipika. Nenda kwa bibi yako na babu yako ukiwa na kalamu. Uliza jina la mto, la ukoo, la kilima. Andika kama ulivyosikia, na mahali ambapo wazee wawili wanapingana, andika maneno ya wote wawili. Huenda baadaye ukajifunza kutengeneza michezo wewe mwenyewe. Huenda akaitengeneza mwenzio aliyeko mbali, akahitaji daftari lako. Mtu asiyesimulia habari zake husimuliwa na wengine, nao humpa silaha waipendayo wao. Mkuki unaofika mbinguni hakuna awezaye kuufua. Kalamu inayofika kwa babu yako unayo mkononi.