Werner Hartenstein

Werner Hartenstein (27 Februari 1908 – 8 Machi 1943) alikuwa afisa wa Jeshi la Majini la Ujerumani na kamanda wa nyambizi U-156 katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Alizaliwa Plauen, na Februari 1942 aliongoza shambulio dhidi ya meli za mafuta kisiwani Aruba, katika Bahari ya Karibi.

Usiku wa tarehe 12 Septemba 1942, katika Atlantiki ya Kusini, aliizamisha kwa topido, yaani kombora linalosafiri chini ya maji, meli ya Uingereza Laconia, iliyobeba watu zaidi ya 2,700, wakiwemo mateka wa vita Waitalia wapatao 1,800. Alipotambua kwamba mateka hao walikuwa miongoni mwa waliokuwa majini, alianza kuwaokoa, akatangaza kwa redio, kwa Kiingereza bila kutumia msimbo, kwamba hataishambulia meli yoyote itakayokuja kusaidia iwapo yeye mwenyewe hatashambuliwa. Hata hivyo, tarehe 16 Septemba ndege ya Marekani iliishambulia U-156, ingawa sitaha yake ilijaa manusura na ilitandazwa bendera ya Msalaba Mwekundu.

Baada ya tukio hilo Admirali Karl Dönitz, kamanda wa nyambizi za Ujerumani, alitoa Amri ya Laconia, iliyokataza nyambizi kuwaokoa manusura, na ambayo baadaye ilitumiwa dhidi yake katika kesi ya uhalifu wa kivita huko Nuremberg. Hartenstein alikufa pamoja na mabaharia wake wote, U-156 ilipozamishwa na ndege ya Marekani mashariki mwa Barbados.