Chuo kilichofundisha brashi na kamera pamoja

CHUO cha Black Mountain kilifunguliwa mwaka 1933 katika jimbo la North Carolina, Marekani, na hakikuwahi kuwa na fedha za kutosha. Wanafunzi walilima shamba la chuo na kusaidia ujenzi, ilhali masomo yao hayakuwa na ithibati rasmi.

Mchoraji Josef Albers, aliyewasili mwaka huohuo baada ya shule ya Bauhaus nchini Ujerumani kufungwa kwa shinikizo la Wanazi, aliwafundisha kwanza kutazama. Kwa mtazamo huo, kamera ilistahili heshima sawa na brashi, jambo ambalo vyuo vingi vya wakati huo havikulikubali. Somo la upigaji picha lilikabidhiwa Hazel Larsen Archer, aliyefika hapo akiwa mwanafunzi na aliyetumia kiti cha magurudumu kutokana na polio.

Miongoni mwa waliosoma kwake ni Robert Rauschenberg. Kazi zake za kwanza kununuliwa na jumba la makumbusho hazikuwa michoro, bali picha mbili za kamera, zilizochukuliwa mwaka 1952 na Jumba la Sanaa ya Kisasa, New York. Alipotwaa tuzo kuu ya uchoraji mjini Venice mwaka 1964, chuo chenyewe kilikuwa kimeshafungwa tangu 1957 kwa ukata.