Meli, Simu na Bei ya Neno: Historia Fupi ya Mawasiliano ya Abiria Baharini

Utangulizi

Muhula uliopita wanafunzi wetu wa mwaka wa pili walisoma kifungu cha ufahamu kuhusu familia iliyokwenda likizo kwa meli ya kitalii. Maswali tuliyoyaandaa yalihusu msamiati wa safari, lakini mwanafunzi mmoja akauliza lake: "Mwalimu, huyu mama anampigiaje simu dada yake akiwa katikati ya bahari? Mnara uko wapi?" Darasa zima lilicheka, nasi tukacheka. Kisha tukatambua kwamba hatukuwa na jibu.

Kuuliza si ujinga. Kwa kuwa tunafundisha Kiswahili hapa Uganda, mbali na bahari, mara nyingi tunafundisha maneno ya baharini bila kuyajua mambo yenyewe. Tuliahidi kulitafutia swali hilo jibu, na makala haya ndiyo malipo ya ahadi yetu. Hoja tunayoijenga ni hii: tangu mwanzo neno la abiria aliye baharini limepita mikononi mwa mtu wa kati, nalo limelipiwa kwa kipimo cha mtu huyo. Asiyeijua njia ya neno lake ndiye aliyeumia, wakati mwingine mfukoni, na wakati mwingine zaidi ya hapo.

Maneno mawili na asili yake

Tuanze na lugha, maana ndiyo kazi yetu. Neno "meli" limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya barua za posta. Mwishoni mwa mwaka 1872 kampuni ya British India Steam Navigation ilianza kuleta barua Zanzibar kutoka Aden kwa mkataba na serikali ya Uingereza. Chombo kikapewa jina la mzigo wake. Kwa hiyo kila tunaposema "meli" tunataja barua bila kujua.

Neno "simu" nalo asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya awali ni waya. Mwaka 1879 waya wa simu uliotandazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Zanzibar na kuendelea kusini hadi Durban. Tangu hapo habari iliyokuwa ikisafiri kwa wiki kadhaa ilifika siku ile ile.

Hata hivyo, waya haufungwi kwenye chombo kinachotembea. Mtu aliyekuwa nyumbani Unguja aliweza kupata habari za London, lakini mtu aliyekuwa ndani ya meli, hata kama ni tajiri kiasi gani, hakupata neno lolote mpaka meli ilipotia nanga. Kukatika huko kwa mawasiliano ndiko kulikoifanya safari ya bahari iitwe safari.

Simu isiyo na waya

Mabadiliko yaliletwa na Guglielmo Marconi, Mwitalia aliyefanyia kazi zake nyingi Uingereza. Mwaka 1897 alituma ujumbe bila waya kuvuka mlango wa bahari wa Bristol. Mwezi Novemba 1899, akirudi kutoka Marekani kwa meli ya abiria iitwayo St. Paul, alipokea habari kutoka kituo cha Needles katika kisiwa cha Wight wakati meli ingali baharini. Habari hizo zilichapishwa humo humo melini katika kijigazeti na kuuzwa kwa abiria. Ikumbukwe kwamba tangu siku hiyo ya kwanza habari za baharini zilikuwa bidhaa.

Meli kubwa za abiria zikaanza kufungiwa mitambo hiyo. Jambo la kuzingatia ni kwamba mafundi walioiendesha waliajiriwa na kampuni ya Marconi na kuwekwa katika meli za kampuni nyingine. Kazi yao ilikuwa na sura mbili: kupokea habari za usalama kwa ajili ya nahodha, na kutuma salamu za abiria kwa malipo.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912

Sura hizo mbili ziligongana katika meli ya Titanic. Abiria wake walitozwa shilingi 12 na peni 6 za Kiingereza kwa maneno 10 ya kwanza, na peni 9 kwa kila neno lililozidi. Mtambo ulikuwa umeharibika usiku uliotangulia, na ulipotengenezwa salamu za abiria zilikuwa zimerundikana. Usiku wa tarehe 14 fundi Jack Phillips alikuwa akizituma kwa kituo cha Cape Race, Newfoundland.

Yapata saa 5 usiku fundi wa meli ya Californian, iliyokuwa karibu, alimwarifu kwamba wao wamesimama kwa kuzungukwa na barafu. Ishara yake ilikuja kwa nguvu, ikaziba ile ya Cape Race. Phillips alimjibu kwa ukali anyamaze, kwa kuwa yuko kazini. Fundi wa Californian alikuwa peke yake. Yapata saa 5:30 alizima mtambo akalala. Saa 5:40 Titanic iligonga mwamba wa barafu, na ilizama saa 8:20 usiku. Watu wapatao 1,500 walikufa. Zaidi ya 700 waliokolewa na meli ya Carpathia, iliyosikia wito na kufika alfajiri.

Mgala muue na haki yake mpe. Hatusemi kwamba Phillips ndiye aliyeizamisha meli, kwani nahodha alikwisha kupata maonyo mengine ya barafu siku hiyo. Aidha, Phillips alibaki akiomba msaada karibu mpaka mwisho, na alikufa. Tunalosema ni kwamba salamu za likizo na habari za uhai zilipita mlango mmoja, na hapakuwa na sheria thabiti ya kuamua ipi itangulie.

Sheria ikaja baada ya msiba. Mkataba wa kwanza wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini ulitiwa saini London mwezi Januari 1914, ukiweka masharti ya mitambo ya redio na zamu za kusikiliza katika meli za abiria. Vita vya Kwanza vya Dunia viliuchelewesha, lakini msingi wake umeendelea katika mikataba iliyofuata: wito wa hatari hutangulia kila salamu.

Bei na umbo la lugha

Hapa tunawaomba walimu wenzetu wasimame kidogo. Simu ya maandishi ililipiwa kwa neno, na kwa hiyo watu walijifunza kuandika kwa kubana. Waandishi wa Kiingereza walidondosha viwakilishi na vitenzi visaidizi. Kiswahili hakikuhitaji kudondosha kitu. Neno "hatutawaona" lina kikanushi, nafsi, wakati, yambwa na mzizi, nalo ni neno moja, ambapo Kiingereza kinahitaji maneno manne au matano. Kwa kipimo cha neno, sarufi yetu ni ya bei nafuu, ingawa kanuni za kimataifa ziliweka kikomo cha urefu wa neno moja ili watu wasiunganishe maneno kwa hila.

Ujumbe mfupi wa simu ya mkononi ulibadili kipimo. Ujumbe wa kwanza ulitumwa mwezi Desemba 1992, na kikomo chake kilikuwa herufi 160. Sasa neno refu likawa hasara. Wanafunzi wetu walipoanza kuandika "2taonana" na "xaxa", tuliwakemea kwamba wanaiharibu lugha. Kwa hakika walikuwa wakifanya kile kile alichofanya abiria wa mwaka 1912: kuikunja lugha ili itoshe katika kipimo cha anayeuza. Hatusemi waandike hivyo katika insha. Tunasema tuwafahamishe chanzo chake kabla ya kuwakosoa.

Kutoka sauti hadi setilaiti

Mwezi Desemba 1929 abiria wa meli ya Leviathan waliweza kuzungumza kwa sauti na watu wa nchi kavu kwa huduma ya kibiashara. Miaka 50 baadaye, mwaka 1979, liliundwa shirika la Inmarsat la kuhudumia meli kwa setilaiti, nalo likaanza kazi mwaka 1982. Mwezi Februari 1999 mfumo mpya wa dunia wa wito wa hatari ulikamilika, na alama za Morse zikaondolewa katika wajibu wa meli. Abiria sasa alipiga simu kutoka chumbani mwake, lakini dakika moja iligharimu dola kadhaa.

Wakati huo simu ya mkononi ilikuwa imeenea nchi kavu, na hapa ndipo swali la mwanafunzi wetu linapopata jibu. Mnara wa kawaida wa mfumo wa GSM haufiki zaidi ya kilomita 35. Kwa hiyo, kuanzia miaka ya 2000, makampuni yalifunga minara midogo ndani ya meli zenyewe, kwenye korido na kumbi. Simu ya abiria huzungumza na antena iliyo juu ya kichwa chake. Antena hiyo hupeleka sauti kwenye sahani kubwa juu ya meli, sahani huipeleka kwenye setilaiti iliyo mbali kiasi cha kilomita 36,000, kisha hurudi duniani. Mnara, basi, umo melini, na mwenye mnara huo ni kampuni nyingine kabisa, si ile iliyouza laini.

Bei ya kutojua

Mhitimu wetu mmoja alipata kazi ya jikoni katika meli ya kitalii huko Mediterania. Alikuwa na laini ya mkataba aliyoinunua bandarini Ulaya. Alituambia kwa simu: "Shikamoo Mwalimu. Nililala simu ikiwa mtandao wa Italia, nikaamka ina mtandao wa meli. Sikupiga hata mara moja." Simu ilikuwa imejishikiza yenyewe kwenye mnara wa meli na kupakua picha za familia usiku kucha. Ankara ilikula karibu nusu ya mshahara wa mwezi, fedha ambazo zilikuwa karo ya mdogo wake. Mdogo huyo alirudi shule muhula ukiwa nusu.

Kijana huyu hakuwa mjinga. Alikuwa na uzoefu wa kwetu. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel ilianzisha mpango uliowawezesha wateja wake wa Uganda, Kenya na Tanzania kuvuka mipaka bila gharama za ziada. Mwaka 2017 nchi za Umoja wa Ulaya nazo ziliondoa gharama hizo baina yao. Ila msamaha wa Ulaya ni wa mitandao ya nchi kavu, wala hauhusu mnara wa setilaiti ulio ndani ya meli. Kanuni za Ulaya za mwaka 2010 pia zilitaka mtandao wa meli uzimwe ndani ya maili 2 za baharini kutoka pwani. Kwa hiyo mpaka ulivukwa usiku, majini, bila bango wala askari.

Tangu mwaka 2022 makampuni makubwa ya meli, likiwemo kundi la Royal Caribbean, yameanza kufunga intaneti ya Starlink, ambayo setilaiti zake ziko kiasi cha kilomita 550 tu. Abiria wengi sasa hulipia Wi-Fi ya meli na kuzungumza kwa WhatsApp. Mnara wa simu na Wi-Fi ni njia mbili tofauti, na mwenye kulipia ya pili anaweza bado kutozwa ya kwanza. Dawa yake ni ndogo: kabla meli haijang'oa nanga, weka simu katika hali ya ndegeni, kisha washa Wi-Fi peke yake.

Hitimisho

Tumeona kwamba kipimo kimebadilika kutoka neno hadi dakika, kisha herufi, na sasa data, lakini mtu wa kati hajaondoka. Tunapendekeza zoezi dogo la darasani: mwanafunzi aandike habari moja ya safari mara tatu, kwanza kwa maneno 10, kisha kwa herufi 160, na mwisho kama barua isiyo na kikomo. Walinganishe kilichobaki na kilichoachwa. Wenzetu watakaolijaribu tunawaomba watuletee matokeo ili tuyachapishe katika toleo lijalo.